Kindu–Kinshasa: saa mbili angani, na masaa mengine ambayo simu haihesabu

Mtu mwenye kuandika kwenye simu «umbali wa ndege Kindu Kinshasa» anapata jibu palepale: kilomita 1 170 na kitu, safari ya saa mbili hivi, wakati mwingine pungufu kidogo. Jibu hilo si uongo. Shida ni kwamba watu wengi wanalipokea kama ahadi. Wanapanga randevu ya daktari, mazishi, mtihani ao safari ya ng'ambo kwa kufuata zile saa mbili, halafu mambo yanageuka. Kwa hiyo inafaa kuifungua hesabu hiyo na kuangalia ndani yake kuna nini, na nje yake kumebaki nini.

Hesabu ya simu inatoka wapi

Programu za namna hiyo hazina habari yoyote ya ndege ya Kindu. Hazijui kama ya leo imeahirishwa ao kama ya juzi bado haijafika. Kazi yao ni moja: zinachukua alama mbili kwenye ramani, uwanja wa Kindu (herufi zake ni KND) na uwanja wa N'djili (FIH), zinapima mstari mfupi kuliko yote unaoweza kupita juu ya mgongo wa dunia. Kisha zinagawanya kwa mwendo wa ndege kubwa, mara nyingi kilomita 800 kwa saa, na kuongeza nusu saa ya kupaa na kushuka. 1 170 kugawanya kwa 800 ni karibu saa moja na dakika 28. Ongeza nusu saa, unapata saa mbili kasoro dakika mbili. Ni hayo tu.

Kwa kulinganisha, umbali huo ni karibu sawasawa na ule wa Bruxelles mpaka uwanja wa Fiumicino kule Roma, na unazidi kidogo Dar es Salaam mpaka Kigali. Mahali pengine ni safari ya kati tu: mtu anaondoka asubuhi, anafanya kazi yake, na akitaka anarudi jioni.

Swali la kwanza ambalo simu haiulizi ni hili: ndege gani? Airbus A320, aina ambayo Congo Airways ilianza nayo mwaka 2015, ao Boeing 737-800, aina ambayo Air Congo ilianza nayo Desemba 2024, zinakata zaidi ya kilomita 800 kwa saa zikiwa juu. Kwa hizo, hesabu ya simu inakaribia ukweli. Lakini Bombardier Q400, yenye mapanga mawili, inakwenda kama 650 kwa saa; safari ileile inakuwa saa mbili na dakika kumi na kitu. ATR 72 inakwenda kama 500, nayo itahitaji saa mbili na nusu kupita. Zile ndogo za Let 410, ambazo watu wa Punia na Kasongo wanazijua vizuri, zinakwenda chini ya 400, na hakuna anayezitumia kwenda Kinshasa kwa mruko mmoja. Tofauti kati ya ndege ya haraka na ya polepole kwenye njia hii ni dakika 40 ao 50. Si kidogo, lakini si hiyo inayomlaza msafiri njiani.

Swali la pili ni kubwa zaidi: ndege inapita wapi? Kindu si mji wenye abiria wa kujaza ndege kubwa kila siku. Kwa sababu hiyo makampuni yanaipenda njia ya pembetatu: Kinshasa, mji mwingine wa mashariki, Kindu, kisha kurudi. Chukua mfano wa kupitia Kisangani. Kinshasa mpaka Bangoka ni kilomita kama 1 225. Bangoka mpaka Kindu ni 380 hivi. Jumla inapita 1 600. Ongeza kusimama dakika 45 pale katikati ili watu washuke, wengine wapande, mizigo ipangwe upya. Zile saa mbili zimekuwa karibu saa ine, na hapo bado hakuna kilichoharibika. Kila kitu kimekwenda kama kilivyopangwa.

Wakati ndege za Goma zilipokuwa zinafanya kazi, kulikuwa na kichekesho kingine. Mstari wa Kinshasa–Goma, kilomita kama 1 560, unapita kaskazini ya Kindu kwa umbali wa kilomita 70 tu. Mtu wa Kindu aliyepitia Goma alikuwa anaruka karibu na paa la nyumba yake, anakwenda kilomita karibu 400 mbele, kisha anarudishwa nyuma kilomita zilezile. Kwenye ramani inaonekana upuuzi. Kwenye vitabu vya kampuni ni biashara ya kawaida, maana bila wale abiria wa Goma, ndege ya Kindu peke yake isingeweza kulipa mafuta.

Kabla ya ndege, na pasipo ndege

Ili kuelewa kwa nini saa hizo mbili zina uzito kiasi hiki Maniema, lazima kuangalia njia nyingine zinasemaje. Novemba 1876, Stanley aliondoka Nyangwe, juu kidogo ya mto ukitoka Kindu, na msafara wake pamoja na watu wa Tippu Tip. Alifika Boma, karibu na bahari, Agosti 1877. Miezi tisa, na wengi walikufa njiani. Waungwana wenyewe, walioleta Kiswahili hiki chenye kuzungumzwa leo Kasongo na Kindu, walikuwa wanahesabu safari ya pwani kwa miezi, si kwa siku.

Wabelgiji hawakutafuta kwenda Kinshasa kwa mstari. Walifuata mto, na pale mto ulipokataa walitandika reli. Kampuni ya CFL ilimaliza reli ya Ubundu–Kisangani mwaka 1906, kilomita 125 za kuzunguka maporomoko, kisha ikafungua ile ya Kindu–Kongolo, kilomita 355, karibu na mwaka 1911. Hivyo Kindu ikazaliwa kama mji wa kubadilisha chombo: treni inaishia hapa, masua inaanzia hapa. Njia ya kwenda mji mkuu ilikuwa Kindu–Ubundu kwa mto, kilomita kama 300. Ubundu–Kisangani kwa treni. Halafu Kisangani–Kinshasa kwa mto tena, zaidi ya kilomita 1 700. Jumla inapita 2 100, karibu mara mbili ya mstari wa ndege, na mzigo unapakiwa na kupakuliwa mara tatu.

Njia hiyo bado iko. Balenieri zinashuka mpaka Ubundu, na reli ya SNCC inakwenda kusini mpaka Katanga wakati treni inapopatikana. Mchele, mafuta ya mawese na sabuni vinapita huko kwa sababu vinaweza kungoja. Mtu mwenye hernia iliyobana hawezi. Barabara nazo, kila msafiri wa moto mwenye kutoka Kasongo wakati wa mvua atazielezea vizuri kuliko makala yoyote. Kwa hiyo mkaaji wa Kindu hana mahali pa kuchagua: ikiwa jambo ni la haraka na liko Kinshasa, njia ni ya juu.

Hapa kuna neno la pembeni kuhusu uwanja wenyewe. Katika nchi nyingi watu wenye kuijua Kindu wanaijua kwa sababu ya ndege, na kwa habari ya uchungu. Tarehe 11 Novemba 1961, wanajeshi 13 wa anga wa Italia, waliokuja na ndege mbili za Umoja wa Mataifa kuwaletea vyakula askari wa Malaya waliokuwa hapa, waliuawa na askari wa Kongo waliowadhania kuwa mamluki wa Katanga. Italia haijasahau. Pale Fiumicino, uwanja uleule ulioko mbali na Bruxelles sawasawa na Kindu ilivyo mbali na Kinshasa, kuna mnara wa kuwakumbuka, na jina la Kindu liko juu yake.

Saa mbili ambazo ni moja, ao tatu

Kuna jambo lingine ambalo linawachanganya hata wasafiri wazoefu: Kongo ina saa mbili tofauti. Maniema, kama Kivu, Katanga, Kasai na Tshopo, inafuata saa ya mashariki. Kinshasa iko nyuma kwa saa moja. Tiketi inaandika kila mara saa ya mahali penyewe, ya kuondokea kwa kule, ya kufikia kwa huku, bila maelezo.

Matokeo ni haya. Ndege ya moja kwa moja ikiruka Kindu saa 4 asubuhi, inatua N'djili saa 5 kwa saa ya Kinshasa. Kwenye karatasi safari ni saa moja. Wakati wa kurudi, ikiruka Kinshasa saa 4 asubuhi, inatua Kindu saa 7 mchana. Kwenye karatasi ni saa tatu. Ndege haikubadilisha mwendo. Yule mwenye kusema «kwenda ni haraka, kurudi ndiyo ndefu» anasoma saa za ukuta tu.

Lakini kuna upande wenye madhara ya kweli. Kwenda magharibi, siku inarefuka. Kurudi mashariki, siku inafupika. Kindu jua linatua kati ya saa 12 na dakika chache na saa 12 na nusu jioni, mwaka mzima, kwa kuwa tuko karibu na mstari wa ikweta. Sasa fikiria ndege yenye kupaswa kuondoka N'djili saa 6 mchana, ikachelewa saa tatu juu ya gurudumu ao karatasi. Kinshasa ni saa 9 tu, jua bado kali, na abiria wanasema mchana ungali mrefu. Kumbe Kindu ni saa 10 tayari. Saa mbili angani, itafika saa 12 jioni, giza linaingia. Kwa piloti mwenye kutaka kutua kwa mwangaza wa jua na kubaki na nafasi ya kugeuka ikiwa mvua imefunga uwanja, hesabu imekataa. Ndege inaahirishwa mpaka kesho. Kuchelewa kwa saa tatu kumezaa kuchelewa kwa siku nzima. Hii ndiyo sababu safari ya mchana kutoka Kinshasa kuja mashariki ni tete kuliko ya asubuhi, na mwenye uwezo wa kuchagua angechagua ya asubuhi hata kama inamlazimu kuamka usiku.

Mvua ya Kampene

Kuna tena mawingu. Mwaka 2016 wataalamu wa hali ya hewa walitoa orodha ya mahali penye radi nyingi kuliko pote duniani, baada ya kusoma data za setilaiti za tangu 1998 mpaka 2013. Ya kwanza ilikuwa ziwa Maracaibo kule Venezuela. Ya pili, na ya kwanza Afrika, Kabare, Kivu ya Kusini: zaidi ya mimweko 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Na ya tatu duniani? Kampene, hapa Maniema, eneo la Pangi, zaidi ya 170. Kampene iko kusini-mashariki ya Kindu, kama kilomita 110 kwa mstari wa ndege.

Maana yake kwa msafiri ni rahisi. Mawingu ya radi ya sehemu hii yanapanda juu kuliko ndege nyingi zinavyoweza kupanda, kwa hiyo piloti hayaruki juu, anayazunguka. Kila mzunguko ni kilomita 40, 60, 100 za ziada ambazo hazimo kwenye mstari wa simu. Mara nyingi mawingu hayo yanajengwa na joto la mchana na kupasuka alasiri ao jioni. Hapa tena asubuhi inashinda.

Joto nalo lina kazi nyingine isiyoonekana. Hewa ya moto ni nyepesi, na ndege inahitaji kukimbia zaidi kwenye uwanja kabla ya kunyanyuka. Kindu iko karibu mita 500 juu ya bahari. Si juu kama Goma, lakini joto lake la mchana linatosha kumfanya piloti apunguze kilo. Ikiwa tena alibeba kutoka Kinshasa mafuta ya kwenda na ya kurudi, kwa kuogopa kukosa huku, uzito huo unatoka mahali fulani. Unatoka kwenye mizigo. Hapo ndipo mama mwenye kuja na vitenge anapata kuambiwa kwamba yeye amefika na vifurushi vyake vitafuata. Si kila mara ni ubaya wa mtu wa ajansi, ingawa angeweza kumwambia mapema.

Kufungwa kwa Goma na Kavumu

Mpaka hapa hesabu ilikuwa ya Kindu na Kinshasa tu. Lakini kwa watu wa Maniema, Goma na Bukavu zilikuwa mlango mwingine. Kindu–Kavumu ni kilomita kama 330 hewani. Kindu–Goma ni 390 hivi: chini ya saa moja kwa ndege kubwa, saa moja na zaidi kidogo kwa ndogo. Kwa kulinganisha, Nairobi–Mombasa ni karibu kama hiyo, na huko ndege ni nyingi kwa siku, na tangu 2017 kuna treni mpya ya kushindana nazo.

Mwisho wa Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23, na uwanja wake wa ndege ukafungwa. Katikati ya Februari ikafuata Kavumu. Tarehe 30 Oktoba 2025, kwenye mkutano wa Paris, Rais Emmanuel Macron alitangaza kwamba uwanja wa Goma utafunguliwa kwa ajili ya ndege za misaada. Tangazo hilo lilihusu misaada, si mfanyabiashara wa Kindu mwenye magunia yake.

Watu wanazungumza juu ya kufungwa huko kama shida ya Goma. Kwa wakaaji wa Maniema, ramani inaonyesha jambo jingine. Tuchukue Mwislamu wa Kindu mwenye kwenda hija, maana jimbo hili lina Waislamu wengi tangu wakati wa waungwana. Kwa mstari wa moja kwa moja, Kindu mpaka Jeddah ni kilomita kama 3 090. Hakuna ndege ya mstari huo, na hakuna anayeitegemea. Lakini Ethiopian Airlines ilianza kutua Goma mwaka 2015. Kwa njia ile, Kindu–Goma 390, Goma–Addis Abeba kama 1 590, Addis–Jeddah kama 1 400: jumla karibu 3 400. Umeongeza kilomita 300 tu juu ya mstari wa ndege wa kindoto. Ni njia nzuri kabisa.

Goma ikifungwa, hujaji huyo anaangalia Kinshasa. Kindu–Kinshasa 1 170, kwenda magharibi, yaani kuipa Maka mgongo. Kisha Kinshasa–Addis, karibu 3 000, na sehemu kubwa ya hiyo ni kurudi juu ya nchi ileile aliyoivuka jana. Kisha Jeddah 1 400. Jumla: zaidi ya 5 500. Kilomita 2 100 za ziada, sawa na Kindu–Kinshasa kwenda na karibu kurudi, kwa kulipia mzunguko peke yake. Lubumbashi ingepunguza kidogo: Kindu–Luano ni kama 975, Luano–Addis kama 2 600, na jumla mpaka Jeddah inakaribia 5 000. Lakini hiyo inahitaji kwanza kupata ndege ya Kindu–Lubumbashi siku yenye kulingana na ya Addis.

Hesabu hiyohiyo inafaa kwa mwenye kwenda Dubai kununua simu na nguo. Inafaa pia kwa mgonjwa mwenye kupelekwa Nairobi ao Kampala. Nchi za mashariki ziko karibu nasi kuliko mji mkuu, lakini mlango wa kwenda kwao sasa uko kilomita 1 170 upande wa pili. Na kila mzunguko unaongeza kitu ambacho hakihesabiwi kwa kilomita: usiku wa hoteli Kinshasa, teksi za N'djili ambazo msongamano wa magari unaweza kuzishika saa tatu, na visa yenye tarehe inayokwisha.

Masaa ya chini

Tukirudi kwenye safari ya kawaida, tuhesabu masaa ambayo miguu iko chini. Mtu wa Kasuku ao Mikelenge ana bahati, uwanja uko upande wake wa mto. Mtu wa Alunguli anapaswa kuvuka Lualaba kwanza, na asubuhi yenye ukungu mvukaji hana haraka na mtu. Ajansi inataka abiria wafike saa mbili ao tatu kabla. Kuna kupima mizigo, kulipa kilo zilizozidi, kuonyesha vitambulisho kwa huduma moja baada ya nyingine, na kuwa na Go-Pass, ile kodi ya RVA iliyoanza 2009 kwa dola 10 kwa safari za ndani na 50 kwa za nje. Halafu kungoja. Kule N'djili kuna kungojea mizigo, kisha barabara ya kuingia mjini. Hata siku ambayo kila kitu kimenyooka, mtu mwenye kutoka nyumbani saa 12 asubuhi hafiki kwa ndugu yake Kinshasa kabla ya saa 8 ao 9 ya mchana kwa saa ya huko, na mwili wake unajua kwamba ni saa moja zaidi.

Na hiyo ni siku nzuri. Kipimo cha kweli cha umbali wa Kindu ni idadi ya siku kati ya ndege moja na inayofuata. Ikiwa ndege ni mbili kwa wiki na moja ikaondolewa, mtu aliyekosa ya Jumanne anangoja wiki nzima. Ndege yenye kuruka kilomita 800 kwa saa imempa mwendo wa wastani wa kilomita 7 kwa saa, ambao baiskeli ya sokoni inaushinda. Mwenye kutazama ramani haoni hilo, maana ramani haina siku.

Kwa mgonjwa hesabu hii ni ya maisha. Hospitali ikisema «apelekwe Kinshasa», familia inauliza kwanza beyi. Beyi ni swali la haki, lakini la kwanza lingekuwa siku: ndege ya uhakika ni lini, na daktari anasema mgonjwa anaweza kungoja mpaka lini? Kuna wakati Kisangani, kilomita 380 tu, ina ndege mapema kuliko Kinshasa. Tena daktari lazima ajue ni ndege ya aina gani. Ndani ya ndege kubwa hewa inawekwa kama ya mlima wa mita 2 000 na kitu. Mtu mwenye shida ya kupumua ao mwenye damu kidogo sana anaweza kuzidiwa humo, hata kama kwa macho anaonekana amekaa vizuri kwenye kiti.

Usalama nao hauwezi kurukwa. Tangu 2006, Umoja wa Ulaya umeyazuia makampuni ya ndege ya Kongo kuingia anga lake, kwa sababu unaona usimamizi wa anga ya nchi hautoshi. Wasafiri wa Kindu hawana kampuni nyingine za kuchagua, kwa hiyo kuwaambia waogope hakuwasaidii. Lakini hilo linafaa kukumbukwa siku piloti anapokataa kuruka juu ya wingu ao juu ya uzito. Pale kwenye uwanja, abiria wanakasirika, wengine wanapiga simu kwa wakubwa wao ili ndege iondoke kwa nguvu. Piloti aliyekataa saa 10 jioni huenda ndiye mtu pekee pale aliyefanya hesabu yote: mafuta, kilo, jua, na mvua ya Kampene.

Kwa mwenye kununua tiketi wiki hii, maswali ya kuuliza kwenye ajansi ni machache. Ndege inapita wapi kabla ya kufika? Ni ya aina gani, na inakubali kilo ngapi kweli, si zile za kwenye karatasi? Inaondoka kwa saa ya wapi? Ikikosa leo, inayofuata ni siku gani? Na yule mwenye kuunganisha na ndege ya kimataifa pale N'djili aache angalau siku mbili katikati, tatu wakati wa mvua. Wafanyabiashara wa zamani wa Kindu wanafanya hivyo bila kuambiwa: wanafika Kinshasa Jumatatu kwa ajili ya ndege ya Alhamisi, wanaweka mizigo kwa ndugu kule Masina ao Limete, na siku za kungoja wanazitumia kuzunguka sokoni.